Bibi yetu hakuwa na miaka 114

Ndugu Mhariri,

Salaam na poleni na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, fundi cherehani hapa Mbagala, na barua yangu inahusu zile habari mnazopenda kutoa za wazee wenye umri mkubwa. Leo bibi wa miaka 125, mwezi ujao babu wa miaka 130, picha kakaa kwenye mkeka wajukuu wamesimama nyuma, na chini mnatuambia siri ya maisha marefu ni ugali wa muhogo, mboga za majani na kutokuwa na kinyongo na mtu. Sipingi wazee kuandikwa, waandikwe sana tu, ila jamani mnapoandika 130 mbona hamtuambii imehesabiwaje? Binadamu aliyeishi miaka mingi kuliko wote kwa kumbukumbu zilizohakikiwa ni mama mmoja wa Ufaransa, Jeanne Calment, kazaliwa 1875 kafariki 1997, miaka 122 na miezi mitano, na karatasi zake zipo toka siku aliyozaliwa. Sasa sisi ambao enzi za Mwingereza mtu mweusi hakulazimika hata kuandikisha mtoto wake, tunampita yule mama kirahisi hivyo kila mwezi?

Nasema hivi sababu kwetu pia tulikuwa nae mmoja. Bibi mzaa baba alifariki 2004 kule milimani Umatumbi, upande wa Kipatimu wilaya ya Kilwa, na siku ya mazishi ikatangazwa kwamba marehemu alikuwa na miaka 114. Watu wakaguna kwa heshima. Mimi nilikuwa najua ile namba ilikotoka. Mwaka 1990 alipelekwa zahanati kwa ajili ya macho, nesi akamuuliza bibi una miaka mingapi, bibi akamjibu mwanangu mimi nimemzidi hata babu yako, nesi akacheka, akamtazama usoni, akaandika 100. Basi. Ile kadi ndo ikawa cheti cha kuzaliwa cha bibi, kila mwaka tunaongeza moja, ikafika 114, na angekuwepo mpaka leo nadhani mngekuja kumpiga picha.

Wenye kazi ya kuhesabu watu wanajua namna ya kufanya. Karani wa sensa anafundishwa kwamba mzee asiyejua mwaka aliozaliwa asibanwe aseme namba, aulizwe matukio, wakati wa vita fulani ulikuwa umeshaolewa, wakati wa uhuru mtoto wako wa mwisho alikuwa ameshaanza shule, alafu hesabu inapigwa. Mimi sio karani lakini kila nilipoenda likizo nilikuwa nakaa na bibi barazani namuuliza hivyo hivyo, yeye ananiita mume wangu kama bibi zetu wanavyotuita, ananiambia mume wangu leo unataka nini, nalala mimi, na mimi nauliza tu.

Tuanze na Maji Maji, maana kila mzee wa Kusini akiongezewa umri anaongezewa ili aingie Maji Maji. Vita vilianzia kwetu, Nandete, mwishoni mwa Julai 1905, watu walipong'oa pamba kwenye yale mashamba ya lazima waliyokuwa wanalimishwa na majumbe na maakida kwa niaba ya Mjerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliyegawa dawa ya maji alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, vita ndo kwanza vina siku chache, na havikuisha, vilikwenda mpaka Ungoni na mpaka 1907. Sasa kama bibi angezaliwa 1890 basi alikuwa mwari wa miaka 15, angeyaona yote kwa macho yake. Lakini bibi mwenyewe akisimulia Maji Maji hata siku moja hakusema niliona, alisema mama aliniambia. Na mama yake alimwambia kwamba waliingia pangoni yeye anatambaa wakatoka anatembea. Ile milima yetu ina mapango makubwa, Nang'oma ndo linalojulikana zaidi, na watu walijificha humo wakati askari wanachoma nyumba na maghala ya chakula. Mtoto anatambaa na miezi nane tisa, anatembea na mwaka na kidogo. Piga hesabu mwenyewe, bibi kazaliwa mwishoni mwa 1904, au ikizidi sana mwanzoni mwa 1905. Kafariki na miaka kama 99. Ndo umri wake, na ni umri mkubwa mno, hauhitaji kuongezewa chumvi.

Na mseme inaleta tofauti gani? Inaleta. Miaka ya tisini alikuja kijana mmoja mwanafunzi na daftari lake, kaambiwa kuna bibi amepita miaka 100, akamuuliza, bibi ulimuona Kinjikitile? Bibi akamsimulia ya mama yake vizuri tu, tena kwa madaha, na kijana akaandika pale mbele yangu kwamba huyu ni shuhuda. Nikamwambia kaka, huyu alikuwa mgongoni. Akanitazama kama namharibia kazi. Mashuhuda wenyewe walifuatwa mwaka 1968, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotuma wanafunzi vijijini kukusanya habari za vita ile, na wakati huo aliyepigana akiwa na miaka 20 alikuwa na 83, bado anaongea. Bibi alikuwa na 63 na hakuna aliyemfuata, na kwa habari ya Maji Maji walikuwa sahihi kutomfuata, ila kwa yale aliyoyaona yeye mwenyewe hakuja mtu wala wakati huo wala baadae, wote wanataka Maji Maji tu.

Ya mama yake nayaandika kwa kifupi kwa sababu ni ya mama yake. Kwamba baada ya vita ndo vita yenyewe, njaa, watu wanachimba ming'oko porini mpaka porini nako ming'oko ikaisha, na waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Wajerumani wenyewe waliandika watu 75,000, wanahistoria waliokuja baadae wanasema inafika hata laki mbili na nusu mpaka tatu. Bibi alikuwa mtoto wa pekee aliyebaki kwa mama yake.

Kitu cha kwanza alichokiona kwa macho yake na kukikumbuka ni nyota yenye mkia. Alikuwa ameshaanza kutumwa maji, na kibuyu chake kidogo, wanaamka alfajiri na wenzake wanaikuta ipo juu ya mlima, wakubwa wanasema vita inarudi. Hiyo ni 1910, nyota ya Halley, na msichana wa miaka mitano na kitu ndo anaanza kutumwa maji na kibuyu kidogo, kwa hiyo hesabu inakubali. Nyota hiyo inarudi kila baada ya miaka 75 au 76, ikarudi 1986, na redio ikatangaza, nikamtoa bibi nje usiku nikamuonyesha. Akatazama weee, macho yalikuwa bado mazima wakati huo, akaniuliza mume wangu mkia wake mmeupeleka wapi? Na kweli ile ya 1986 ilikuwa hafifu, wataalamu wenyewe walisema. Nawaza ni watu wangapi Tanzania hii waliiona mara mbili wakaweza kulinganisha.

Vita vya kwanza vya dunia ndo penyewe. Watu wengi wakisikia vita vile wanafikiria Tanga 1914, au huko Ulaya kabisa, wachache wanajua kwamba Desemba 1916 mpaka Januari 1917 mapigano makali yalikuwa Kibata, katikati ya Umatumbi, boma la Mjerumani juu ya kilima, Waingereza wamelichukua na von Lettow-Vorbeck mwenyewe, mkuu wa majeshi ya Mjerumani, amekuja kuwatoa. Bibi alikuwa na miaka 12. Alikuwa ndani, yaani amewekwa ndani na wenzake kwa ajili ya unyago, na kilichomuuma mpaka uzeeni sio mabomu, ni kwamba walitolewa bila ngoma. Wazee walisema ngoma ikilia askari watakuja kutafuta wapagazi na chakula, kwa hiyo wari wakatolewa kimya kimya, wakanyolewa wakavishwa wakaambiwa haya nendeni. Miaka 80 baadae bado analalamika, anasema mimi sikuchezwa, mimi nilitolewa kama kuku bandani. Mnaona lakini? Hiyo ni tarehe, ni tarehe nzuri kuliko ya kwenye kadi, maana mwari anawekwa ndani akiwa na miaka 11, 12, 13 hivi, na mapigano ya Kibata mwaka wake unajulikana.

Na kuna jambo alilisema ambalo mimi nililipuuza muda mrefu. Alisema waliona askari weusi kama sisi, warefu, lakini hawajui neno hata moja, hawajui Kimatumbi, hawajui Kiswahili, hata maji wanaomba kwa mikono. Nikawa namuuliza bibi, askari mweusi asiyejua Kiswahili anatoka wapi, labda Wazungu waliojipaka masizi, tunacheka. Kumbe pale Kibata Mwingereza alileta kikosi cha Gold Coast, ndo Ghana ya leo, pamoja na Wabaluchi wa kutoka India. Waghana wamekufa kwenye vilima vya Kibata na kwenye vitabu vyetu vya shule hakuna hata mstari. Kitu kama hicho huwezi kukisikia kwa mama yako ukakihifadhi hivyo, hiyo ni ya mtu aliyechota maji akampa askari akaona anavyoshukuru.

Wanaume wa kijiji walikamatwa upagazi na pande zote mbili, wiki hii Mjerumani wiki ijayo Mwingereza. Baba yake bibi alichukuliwa na hakurudi. Hakuna kaburi. Kariakoo mnapoenda kununua nguo ndo kambi ya wapagazi ilikuwa hapo, jina limetokana na kikosi chao, na ndo kumbukumbu kubwa waliyopata. Alafu vita ikaisha Novemba 1918 ikaja homa ya mafua, ile iliyozunguka dunia nzima, ikamaliza waliobaki. Bibi homa ile hakupenda kuisimulia na mimi sikumlazimisha.

Aliolewa mwari wa miaka 16 au 17, mke wa pili. Mwaka huo tunaujua kwa sababu ya mahari. Mahari ilitajwa kwa rupia, babu akatoa kwanza rupia zile za Mjerumani na za Kihindi zilizokuwa zinatumika, alafu akawa anadaiwa, na alipokuja kumalizia hela ikawa imeshabadilika imekuja shilingi, 1921 kwenda 1922, rupia moja kwa shilingi mbili. Sasa wajomba wakaona shilingi ni nyingi wakafurahi, mama yake bibi akasema nyie wajinga, hesabuni tena. Ndoa ilikaribia kuvunjika kwa ajili ya hesabu hiyo. Serikali inabadilisha sarafu kwa tangazo moja, kule chini kuna binti yupo nusu kaolewa kwa rupia nusu kwa shilingi.

Kodi nayo. Mjerumani alianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia tatu, bibi hajazaliwa. Mwingereza akaiendeleza, na mwanaume mwenye wake wengi alikuwa analipia na nyumba ya kila mke, kwa hiyo bibi akiwa mke wa pili alikuwa anaijua bei yake, babu akikasirika anamwambia wewe nakulipia kodi. Kodi hiyo ndo iliyompeleka babu kuwa manamba, mashamba ya mkonge Lindi na baadae Tanga, anaondoka mwaka, anarudi mwaka, watoto wanazaliwa kwa mpangilio wa kipande cha babu, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Tulipopata uhuru kodi ya kichwa iliendelea, ikafutwa 1969, ikarudi 1984 kwa jina la kodi ya maendeleo, mgambo wakawa wanafukuzana na vijana vichakani, mpaka 2003 ikafutwa moja kwa moja. Bibi alikuwa hai. Nilimpa habari mimi mwenyewe, bibi, kodi imefutwa. Akasema watairudisha.

Vita ya pili mdogo wake wa upande wa mama mwingine alichukuliwa keya, yaani jeshi la Mwingereza, akaenda mpaka Bama (Burma), akarudi na koti na viatu na tabia ya kuamka saa kumi na moja kupiga mswaki. Ule mradi wa karanga wa Nachingwea, 1947, Mwingereza kaleta matrekta na reli toka Mtwara, 1951 ukawa umeshakufa na paundi milioni 36 zimeungua Kongwa na Urambo na huko, kwa bibi ulikuwa na maana moja tu, watoto wake wawili wakubwa walipata mshahara miaka mitatu na yeye akapata baiskeli ya kwanza kwenye ukoo, ambayo hakuwahi kuipanda.

Uhuru wenyewe alikuwa anausimulia kwa ufupi mpaka unakasirika. TANU ilifika, kadi alikata, Bibi Titi alikuwa anamsifia sana maana watu wa Rufiji na Umatumbi wanamhesabu ni wao, usiku wa tarehe 9 Desemba 1961 walicheza ngoma mpaka asubuhi. Nikamuuliza na kipi kingine? Akasema mume wangu, ngoma ililia, nilikuwa nina miaka yote ile nasubiri ngoma ilie bila mtu kuogopa, wewe unataka kipi kingine? Alikuwa na 57 wakati huo.

Mimi kama fundi nikapata njia nyingine ya kumhesabu, nguo. Nguo alikuwa hazisahau. Utotoni kwake vita vya kwanza vilipofunga bandari nguo hakuna, mama yake kavaa gome la mti lililopondwa, yeye anakumbuka linavyowasha. Baada ya hapo merikani, baada ya hapo kaniki, na khanga yake ya kwanza ya kununuliwa dukani kwa Mhindi Kilwa Kivinje aliletewa na babu alipotoka mkonge, rangi yake anaikumbuka na maandishi yake anayakumbuka ingawa hakujua kusoma, maana alisomewa mara moja. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa 1968 na khanga za hapa hapa zikaanza kufika akanunua moja akaisugua kwa kidole akasema hii haijakomaa. Alikuwa anapenda kweli nguo yule bibi. Sasa alikuwa na sanduku la mbao la mvule, chini ya kitanda, na baada ya vita ya Kagera, yaani kuanzia 1979 mpaka 84 hivi, wenye umri wangu mnakumbuka hali ilivyokuwa, sabuni hakuna, sukari hakuna, foleni RTC, yale maduka ya serikali ya mkoa, khanga unapewa kwa kibali, na hata sanda hakuna. Jamani watu walikosa sanda nchi hii. Watu walizikwa na mashuka. Bibi ndani ya sanduku alikuwa na bafta yake, sanda yake mwenyewe aliyojiwekea toka zamani kama wazee wanavyofanya, na kijijini akafariki mama mmoja jirani, mume wake kazunguka maduka yote mpaka Kilwa Masoko hakuna kitu. Bibi akafungua sanduku akawapa. Watoto wake wakagomba, baba yangu akiwemo, mama na wewe je? Akawaambia mimi nimeona gome la mti alafu nikaona khanga, bafta nayo itakuja. Na ikaja, alipoingia mzee Mwinyi 1985 nguo zikaanza kuingia kila aina, tukamnunulia bafta nyingine na ndo aliyozikwa nayo. Mitumba lakini aliikataa mpaka mwisho, anasema ni nguo za maiti wa Ulaya.

Nimeiacha habari ya vijiji makusudi maana ndo ilikuwa nzito. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba mpaka mwisho wa 1976 kila mtu awe anaishi kwenye kijiji cha ujamaa, na kwa hesabu zilivyo kweli walihama, mwaka 1973 walikuwa wanaishi vijijini watu kama milioni 2, kufika 1977 ni milioni 13. Bibi na miaka yake karibu 70 akashushwa mlimani akaletwa barabarani. Hakuna aliyempiga, niseme ukweli, kwetu haikuwa mbaya kama sehemu nyingine, viongozi walikuwa vijana wa pale pale wanamuamkia shikamoo bibi kabla ya kumwambia ahame. Lakini alikuwa na miembe yake, mikorosho, mnazi mmoja uliopandwa siku baba yangu alipozaliwa kitovu chake kikafukiwa hapo, na alitakiwa paa lake aliezue mwenyewe ndo nguzo zikajengewe kule chini. Akaniambia hivi, na mimi nimeandika kama alivyosema: Mjerumani alichoma nyumba ya mama yangu, nyumba yangu mimi nimeibomoa kwa mikono yangu. Na mtu huyo huyo Nyerere alikuwa anampenda, picha yake ilikuwa ukutani, ukimsema vibaya anakufukuza barazani. Watu wasomi wanapenda mtu awe upande mmoja, bibi hakuwa hivyo. Chini pale pale alipohamishiwa ndo alipata zahanati, ndo akapata bomba la maji, ndo kwenye kisomo cha watu wazima akajifunza kuandika jina lake, dole gumba akaacha. Na kila msimu wa korosho alikuwa anapanda mlimani kwake anakaa mwezi mzima, mwenyekiti wa kijiji anajua anajifanya hajui.

Mwalimu alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 tulisikiliza pamoja redioni. Alilia. Alafu akasema yule kijana kaondoka ameniacha. Wajukuu wadogo wakacheka, kijana! Lakini piga hesabu, Mwalimu kazaliwa 1922, bibi wakati huo kashaolewa na rupia zimeshaisha. Kwake alikuwa kijana kweli.

Safari yake ya mwisho Dar ilikuwa baada ya daraja la Mkapa kufunguliwa, Agosti 2003. Waliozaliwa juzi hawajui mateso ya pantoni ya Ndundu, mvua ikinyesha mabasi yanalala pale siku mbili tatu, wali wa njiani unauzwa bei ya mbuzi. Sasa unapita juu mita 970 kwa dakika. Katikati ya daraja nikamwambia bibi huu ndo Rufiji, akachungulia dirishani na lile jicho moja lililobaki, akauliza meli ya Mjerumani ilizama wapi. Nikamwambia kule chini kwenye delta, na ni kweli, Königsberg walijificha humo mpaka Julai 1915 wakaizamisha wenyewe ilipopigwa, mizinga wakaitoa wakaifunga magurudumu ikaburutwa na watu nchi nzima, mmoja ulifika mpaka Kibata. Bibi akasema ndo huo, ulikuwa unalia kama mlango wa mbingu umefungwa kwa hasira. Abiria wa siti ya mbele akageuka, mzee samahani, huyu bibi ana miaka mingapi? Binti yangu akawahi kujibu, mia na kumi na tatu. Abiria wote wakageuka, konda akakataa nauli ya bibi, na mimi nikanyamaza maana nauli yenyewe ilikuwa sio ndogo.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo. Mwandishi wenu akienda kwa mzee asianze na una miaka mingapi wala siri ni nini. Aulize wakati wa nzige ulikuwa wapi, mahari yako ilikuwa hela gani, wakati wa vijiji ulihamishwa toka wapi, nguo yako ya kwanza ilikuwa ipi, na kila jibu aulize tena, uliona au uliambiwa. Aandike na hayo, nafasi ikiwa haitoshi basi ile siri ya mboga za majani ndo iachwe.

Na nina langu binafsi kwa wasomaji wa Kilwa na Rufiji. Baba yangu yupo hai, kwenye kitambulisho cha NIDA kaandikwa tarehe moja Januari 1930 kama nusu ya wazee wa rika lake. Bibi alisema alimzaa baba mwezi ule nzige wekundu walipoondoka mara ya kwanza, mtama wote umeliwa, muhogo umebaki mashina. Nzige hao walianza kuingia nchini 1930 na walirudi rudi miaka kadhaa. Kama kuna mwenye mzee Kipatimu, Chumo, Kibata au Mohoro anayekumbuka au aliyeambiwa na wakubwa wake ni masika gani walifika kwetu na masika gani waliondoka, tafadhali aandike hapa hapa gazetini au achukue namba yangu kwa mhariri. Wadogo zangu wameshaanza kumwita baba mzee wa miaka 100 na wamempigia keki.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi, Mbagala, Dar es Salaam.